Pasteur Yenu Alipitia HAPA

Chadia, uko wapi? Jibu! Leo mu kanisa haya iliniua.

Unajua bwana yangu, pasteur, alikuwa anahubiri ju ya makovu. Anasema Yesu alifufuka lakini alibakia na alama ya misumari. Akaita bantu bakuye kutoa ushuhuda.

Nani alisimama wa kwanza? Mama mukwe! Akakamata micro ya kuhubiria, akafungua kikwembe mbele ya bantu bote. Tumbo inje! TUMBO, Chadia!

"Badocteur balisema mutoto alishakufa. Balinipasula. Pasteur yenu alipitia HAPA!"

HAPA! Anapigapiga kovu na kidole. Baprotocole, bale ba kupokea bantu mu kanisa, banakimbia kumufunika, bwana yangu anajificha nyuma ya Biblia.

Miye nacheka mupaka machozi.

Kisha mama mukwe akakuya kuikala pembeni yangu, micro ingali inawaka. Akatia mukono pa tumbo yangu, pale balinipasula mwaka jana, mutoto akatoka bila kulia, tukamuzika.

"Na weye, usifiche yako. Yesu hakuficha yake."

Kanisa nzima ikasikia. Ikajibu Amen.

Chadia, miye pia nilijibu.