Jino Nililolizika Mimi

Changamwe,
8 Machi 1961

Kwa ndugu yangu Nzai,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. U hali gani huko Kaloleni, na ule mgongo je, umepoa? Kahaso na watoto ni wazima. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Utalikumbuka taya lile tulilolichimbua kwenye mchanga mwekundu, limekwisha kuwa jiwe. Bwana wa mifupa, yule mtafiti wa wanyama wa kale, alipotuambia ni la fisi, ulivua kofia ukasema fisi ni mzee wetu, akifa huliliwa na kuzikwa kama mtu. Nikakucheka mbele ya vibarua, nikakuita mpagani aliyeazima kofia ya Mkristo.

Bwana yule alirudi wiki iliyopita. Alinieleza kwamba fisi wa kale walikuwa koo nyingi kama sisi: wengine wavunja mifupa mfano wa hawa wa leo, wengine wembamba, wa kukimbia kama mbwa, nao walikwisha zamani. Huyu wetu hajui amtie ukoo gani. Lile jino la nyuma lililochomoka likapotea ndilo lingemwambia. Basi kwenye karatasi yake ameandika tu kwamba ni fisi, ukoo haujulikani. Kisha akasema, wala si kwa hasira, kwamba yule mzee mwizi ametunyima mengi.

Mzee mwizi ni wewe, Nzai. Nyapara alikufukuza kwa jino lile, kwa kuwa ndiwe uliyetaka lizikwe, nami nilisimama pale nikitazama viatu vyangu.

Ndugu yangu, nililizika mimi. Jioni ile ile niliyokucheka nilimkumbuka marehemu baba akimlilia fisi aliyekufa njiani, nikaingiwa na hofu. Nikalifunga kwa kipande cha kaniki, nikalifukia nyuma ya kanisa, na machozi yakanitoka. Mimi, mzee wa kanisa! Jana nilikwenda na jembe, nikakuta pamemwagwa sakafu ya darasa la watoto. Sina cha kumrudishia bwana, wala wewe.

Leo nimemwambia nyapara. Amenijibu kwamba nimechelewa miaka miwili.

Jumapili ya Mitende nitasema mbele ya kanisa zima. Nakuomba uje, ukae benchi lako la mbele. Ukiniona naanza kuzungukazunguka, kohoa, kama ulivyozoea mahubiri yangu yakirefuka.

Kahaso anamsalimu sana mkeo Pascalia. Mimi hajasema nami tangu jana nilipomweleza.

Ndimi uliyeniita ndugu,
Jefwa Masha