Yaya, Nilifuta Pole za Matanga Yako

Yaya Kakule, mukubwa wangu wa kazi,

Nakuandikia muchana, mulango wazi, juu nikiufunga masikio yangu inakuwa mukali zaidi. Tangu ulikufa, Kisangani yote inasikilizaka hewa. Pikipiki ikipita, batu banainua kichwa. Tule tundege twa vita, twenye hatuna mutu ndani, tulirudia tena kupiga aéroport, uwanja wa ndege, na sasa hata mashini ya kusaga unga ya jirani inanitoa jasho. Ulikuwa unanisemaka: "Asumani, weye unaogopa mbele kitu ifike." Ni kweli, yaya. Mais sasa imefika.

Matanga yako ilikuwa mukubwa. Batu ya Kivu, bale benye maduka, balileta viti, muchele, samaki ya chumvi. Mama yako alikaa chini ku mukeka. Lakini bengi hawakuweza kukuya, njia zimekatwa, bengine bako Butembo, bengine bako mu kambi ya bakimbizi. Alors Trésor, mutoto ya tonton yako, baba yako mudogo, akasema pole zao ziingie ku site yetu ya internet, ile yenye batu banatafutiaka bandugu bao benye balipotea mu vita. Chini ya foto yako. Kila mutu aandike, maneno yake ionekane pale pale. Mama yako alipenda sana. Kila asubui nilikuwa namusomea, na yeye anajibu amina hata kwa batu hajui.

Unakumbuka vile ulinifundisha, tunakula lituma, ndizi za kuponda, ku ofisi, weye mikono iko na mafuta? Ulisema page yetu iko modèle moja tu, sahani tupu yenye inangoja kujazwa. Ndani yake uliacha amri za serveur, ile mashini yenye inatunza site: hapa tia jina, hapa tia foto, hapa angalia kama mwenye kuuliza iko na neno ya siri, na kama hana, usionyeshe mahali kwenye mutu amejificha. Serveur inasoma amri, inazitimiza, kisha inatuma page safi. Mutu wa inje haoni amri, anaona majibu. Na maneno ya batu, ulisema, inaingia nyuma, wakati serveur imemaliza kusoma. "Ikiingia mbele, serveur itaamini ni siye tunasema." Ulirudilia hii mpaka nikachoka.

Trésor hakukuwa pale tukikula ile lituma. Yeye alikuwa na haraka ya matanga. Akafanya kila pole ijiandike ndani ya modèle yenyewe, kisha serveur isome yote pamoja. Page ikawa inabadilika kila mutu akilia. Ilikuwa muzuri kuangalia, yaya. Hakuna kitu ilivunjika.

Asubui moja nasomea mama yako, nakuta pole ya mutu bila jina. "Pumzika vizuri." Na nyuma yake, tarehe na saa. Mama akasema amina. Miye nikaacha kusoma, juu page yetu haionyeshaka saa hata siku moja. Nikaenda kuangalia ndani ya modèle. Saa haikuandikwa mule. Iliandikwa amri ya kuonyesha saa, na serveur yetu ilitii, kama mutoto wa adabu. Mwizi anasukumaka mulango kidogo kwanza. Chini nikaona pole yake ingine. Hii iliomba majina ya bintu byote byenye biko ndani ya serveur, na page ilikuwa imemuletea. Kati yao, jina ya orodha ya mahali; pole moja tena, na ataifungua.

Nilifikiria Mama Kavira. Alikuya kwetu na mapacha yake ku mugongo na ku kifua, anakimbia ule komanda wa bunduki mwenye alichukua bwana yake. Alitaka dada yake tu ajue kwenye iko. Ulimuangalia ukasema, "Mahali yako haitatoka, mama." Ukaandika, nyuma ya neno ya siri, muji wa Banalia, na nyumba yenye ilimupokea.

Donc nikasimama mbele ya famille, nikasema pole zote zifutwe, juu ziko ndani ya modèle. Miye. Tonton yako aliniuliza kama nimekunywa. Alisema kufuta pole mbele matanga iishe ni kukuzika mara ya pili, batu ya Kivu watasema tulikataa machozi yao. Trésor akacheka, "Petit, weye uliishia primaire ya ine, leo ni ingénieur?" Sikujua kueleza. Nilimuangalia mama yako tu, nikasema, "Mama, zikibaki, Mama Kavira atakufa."

Aliomba nimusomee zote mara ya mwisho. Nikamuambia hakuna muda. Akasema, "Futa."

Nikafuta, yaya. Pole za mwalimu wako, za bale bamama ba kambi, zote. Nikiwa nafuta, Trésor akaona ile pole ya pili, kicheko kikamuishia. Yeye mwenyewe alikimbia kutoa kamba ya internet. Tulirudisha modèle yako ya zamani, maneno ya batu nyuma. Alitafuta mu kumbukumbu ya serveur kama kulikuwa pole ya tatu, yenye ilibeba mahali. Alisema haoni. Hakuniangalia akisema.

Nilipigia Mama Kavira simu, kumuambia ahame. Mbele nimalize, alisema amesikia, akakata.

Kisha mwanaume moja akafika ku ofisi. Buti safi, na njia zetu zote ni matope. Hakuomba kitu. Aliuliza nani anaongoza site. Nikamuambia mukubwa amekufa. Alisema, "Najua." Akaangalia kiti yako kwa muda murefu, akaenda. Tangu ile siku sikuli vizuri.

Mama Kavira alipiga tena, ku namba ya mutu mwingine. Akaniambia kwenye amehamia. Nikataka kuitia ku site nyuma ya neno ya siri, vile ulifanyaka. Alikataa. "Tia mu kichwa yako, mutoto wangu. Dada akuje kukuuliza weye."

Sasa haiko ku serveur, haiko ku karatasi. Iko mu miye. Nalala peke yangu mu chumba ya nyuma, kitambaa ku kinywa, juu mutu anasemaka mu ndoto.

Naogopa sana, yaya. Mais nakuahidi, dada yake akifika, nitamuambia ku sikio na mara moja tu. Mwingine akifika, anikute bubu. Hata weye, sikuandikii hapa. Lala.

Asumani