Chini ya Maji Kila Kitu Huonekana Kikubwa

Nyumba Na. 14,
Nyumba za Wafanyakazi, Idara ya Maji.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Cheche,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye mwandiko wake hujauona kwa miaka minane. Kabla ya yote, hujambo? Mkeo hajambo, na wote wa nyumbani kwako? Macho yako je? Nasikia bado unachomelea, nami nawajua nyie mafundi wa kuchomelea, mnajifanya macho yenu ni ya chuma. Vaa kioo, baba.

Huku sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mama yako magoti yanamsumbua, ila ulimi uko imara, tumshukuru Mungu. Mimi masikio yamegoma. Daktari aliyachungulia kwa kitochi chake, akatikisa kichwa, akasema nikizama tena nitatoka kiziwi. Basi nimestaafu. Ijumaa iliyopita walinifanyia chai ya kuniaga pale karakana, na chai hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu, lakini niache kwanza nivute pumzi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinidai habari za chini ya maji? Kila nikitoka majini nakukuta umesimama na taulo, hata sijavua miwani, maswali yameshaanza. Wewe mwenyewe maji yakifika magotini unaita mama, lakini masikio hayakushiba. Ngoja nikupe za miaka hii minane, maana sijapata mwingine wa kumsimulia.

Mwaka juzi nilijikata kiganja kwenye ukingo wa bati kule kwenye kina. Nikaona kama moshi wa kijani unanitoka mkononi. Kijani, Cheche! Kule chini wekundu haufiki, unazimika njiani, kwa hiyo damu yako mwenyewe unaiona kama maji ya majani yaliyopondwa. Nilikaa nikiishangaa kama mjinga badala ya kupanda. Nilipofika juu ikawa nyekundu, na hapo ndipo ikaanza kuuma.

Sauti nayo ina vituko vyake. Chini ya maji huwezi kujua inatoka wapi. Boti ya mlinzi iko kule kwenye kona ya mwisho ya bwawa, wewe unaisikia ndani ya fuvu, kushoto na kulia kwa pamoja. Mara mbili nimejilaza kwenye matope nikidhani inanipitia kichwani, na wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Na ile nyumba iliyofunikwa na maji bwawa lilipojengwa, ile yenye ngazi tatu na mlango wazi, bado ipo. Kambare mmoja mkubwa amehamia. Anakaa pale mlangoni na masharubu yake, ukisogea anakutazama mpaka unaona haya kwamba hukupiga hodi.

Naona nimejaza ukurasa mzima kwa hadithi. Liko jambo moja sijakusimulia, nami nimelikalia miaka yote hii.

Chini ya maji kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Ni maji na kioo cha miwani, vinashirikiana kulidanganya jicho. Nafasi ya sentimita tisini unaiona ya mia na ishirini. Mpiga mbizi hufundishwa jambo hili siku ya kwanza: pima kwa futi, na kama huna futi, kile jicho linachokuambia kipunguze robo. Mimi mwenyewe nimewafundisha wengine.

Siku ile ya chujio la kuzuia takataka kwenye bomba la bwawa sikupima. Futi ilinichomoka mkononi ikazama kwenye matope, maji yalikuwa ya baridi, nami nilikuwa nimechoka. Kupanda, kuchukua nyingine na kushuka tena ni kazi ya nusu saa. Nikaitazama nafasi iliyo kati ya zile nguzo mbili za mdomo wa bomba, nikajiambia nimezama humu miaka ishirini, naijua kama kiganja changu. Hata ile robo sikuikumbuka. Nikaja karakana nikakuambia mia na ishirini. Ukaniuliza kama nimepima. Nikasema nimepima, tena kwa ukali, eti mtoto gani huyu anamhoji mjomba wake.

Wewe ambaye hujawahi kuzama ungejuaje? Ukaunda chujio la mia na ishirini, kazi safi, kila kiungo kimenyooka. Mji ukafungiwa maji ili tulitie. Winchi ikalishusha, nami nikiwa kule chini nikaliona linagota juu ya nguzo na kukataa kuingia. Nilijua palepale nimefanya nini. Nilijua kabla ya mtu yeyote. Watu walikaa siku tatu bila maji, ndoo zimepangwa mpaka kwenye geti la ofisi, na meneja akataka jina la aliyekosea.

Nilisema nilikutajia tisini.

Ulinitazama. Ulikuwa na haki ya kusema huyu mzee anadanganya, nami sijui ningejibu nini. Ukainamisha macho, ukasema, "Basi ni kosa langu." Hukutaka kunivunjia heshima mbele za watu. Nami heshima hiyo niliichukua, nikaondoka nayo kama yangu.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba mimi ningepewa barua ya onyo tu, nikaitupia kabatini, yakaisha. Nilikuwa mwajiriwa wa kudumu. Wewe ulikuwa kwenye muda wa majaribio, zimebaki wiki mbili uthibitishwe, wakakuachisha kazi. Hilo pia nilikuwa nalijua. Jioni ile mama yako alikufokea kwamba umemwaibisha kwa kaka yake, uondoke machoni pake, na mimi nimekaa palepale kwenye kochi nakunywa chai yake. Nikamwambia amsamehe kijana, bado anajifunza. Nikiyakumbuka maneno yale natamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa, hiyo chai ya Ijumaa. Meneja alisimama akanisifu kwamba kwa miaka ishirini na minane sijawahi kuleta kipimo kibovu. Akatia na mzaha wake, kwamba kipimo changu kizuri kiliharibika siku moja tu, kilipoangukia mikononi mwa mpwa wangu. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Cheche. Nilicheka, nikapokea saa ya ukutani, nikala keki.

Keki ile haikushuka. Jumamosi asubuhi nilimfuata meneja nyumbani kwake, nikamkuta anaosha gari. Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Akafunga maji, akanitazama, akasema, "Mzee, hayo si yameshapita? Nenda kapumzike." Akaendelea kusugua mlango wa gari. Maneno yake yalikuwa mlango wazi wa kutorokea, na miaka ya nyuma ningeupita mbio. Safari hii sikubanduka mpaka akanipa karatasi. Nimeandika kwa mkono wangu nilichofanya, nimetia sahihi, na leo asubuhi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nilisimama hapo wakati wanaisoma. Fundi mkuu alisoma mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akanipita bila salamu. Nilistahili.

Kwa mama yako nilikwenda jana. Alikuwa ameshanipakulia. Nilipomaliza kusema alinyanyuka, akaichukua sahani mbele yangu ikiwa na chakula chake, akairudisha jikoni. Nilingoja, sikujua niondoke au nibaki. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Nilimfukuza mwanangu kwa mdomo wangu huu," akasema, "kwa ajili yako."

Akaniambia nikikuandikia nisikuombe urudi. Hilo atakuomba yeye mwenyewe, siku atakayothubutu.

Kwa hiyo sikuombi urudi. Wala sitakuambia niliponzwa na woga, ingawa woga nilikuwa nao. Nilikukosea, mpwa wangu, nikiwa na akili zangu timamu, na kila mwaka niliokaa kimya nilikukosea upya. Nakuomba msamaha. Usiponipa, sitakwenda kumlalamikia mtu.

Mama yako akipiga simu, tafadhali pokea. Amejifunza kupiga ile ya kuonana, ila anaisogeza karibu mno, utaona paji la uso na taa ya dari. Mvumilie tu.

Mkeo mpe salamu zangu, ukiona inafaa. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Mimi ananisemesha kwa yale ya lazima tu, kama chumvi iko wapi. Mama yako mdogo anakusalimu, na binamu zako pacha, ambao sasa wamekuwa warefu kuliko mlango. Mungu akulindie macho na mikono, na akupe wakubwa wa kazi walio wakweli kuliko mimi.

Jambo la mwisho. Mama yako mdogo, ambaye ndiye hutuletea habari zenu, ananiambia binti yenu ameanza kusema, na kwamba mkimpa picha za ukoo ananyoosha kidole, anataka ajue kila mtu ni nani. Akifika kwangu usimfiche. Mwambie kwanza nilichokufanyia. Halafu, kama moyo wako utakubali, ndipo umwambie kwamba huyo ni babu yake.

Wako akupendaye, ingawa siku ile hukuuona upendo huo,

Mjomba wako.