Shangazi, Niliiruka Kesi

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu. Hapa mashine zinapiga kelele na hakuna atakayeniuliza naandika nini. Nguo za baba zinazunguka mbele yangu, na shati jeupe alilovaa siku ya ibada ya kukuaga limo humo. Nimekaa nikilitazama kama vile lina kosa. Halina. Mwenye kosa ni mimi.

Ungekuwepo ungesema, "Aika, fika kwenye jambo." Haya, nakuja.

Unakumbuka siku ile hospitali, ulipomwomba nesi akuinulie kitanda ili unione vizuri? Ukasema mimi ndiye nitakayesoma wasifu wako. Nikacheka, nikadhani ni dawa zinaongea. Mimi, ambaye darasani nikinyoosha mkono nauteremsha kabla mwalimu hajauona! Ukasema, "Wewe ndiye. Wenye sauti kubwa watu wamewazoea. Wewe ukisema, watanyamaza ili wakusikie." Halafu ukanishika kidole. "Soma yote. Kesi usiiruke."

Niliiruka, Shangazi.

Wasifu aliuandika baba. Mimi nilimpelekea aya yangu moja tu, niliyoiandika kama ulivyozoea kunisimulia. Kwamba baba mkubwa Eliya alipofariki, kaka zako walikaa kikao, wakakubaliana kihamba chake, lile shamba la migomba la ukoo, apewe baba yangu, na mama mkubwa Anasia arudi kwao kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume. Kwamba wewe ulikuwa mpiga chapa mahakamani Moshi, msichana mdogo tu, na ukamsindikiza mjane wa kaka yako mbele ya hakimu, ukatoa ushahidi dhidi ya ndugu zako wa tumbo moja. Kwamba mama mkubwa alishinda, na mpaka leo analala nyumbani kwake. Na kwamba hapo ndipo kazi yako yote ilipoanzia.

Baba aliisoma akiwa amesimama jikoni. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kwa upole, "Mwanangu, watu wanakuja kutupa pole, hawaji kusikiliza kesi. Hayo tuyaache huko huko Moshi." Akaandika mstari mwingine mahali pake. Nikaupokea, nikasema, "Sawa, baba."

Hiyo "sawa, baba" nimeisema mara nyingi mpaka sasa inatoka yenyewe.

Siku ya ibada wale mama zako wa Mount Dennis, uliokuwa ukiwasindikiza mahakamani, walivuka mji mzima wa Toronto kwa mabasi, kwenye theluji, wakaja kanisani kwetu Scarborough. Walikaa viti vya mbele, kila mmoja mkoba wake mapajani. Mikoba ile ndiyo iliyonimaliza.

Kabla ya kile kiangazi ulichonichukua nikakusaidie kijiofisini kwako, juu ya saluni ya kusukia nywele, mimi nilidhani mwanaharakati ni mtu wa vipaza sauti na mabango. Nikakukuta wewe. Asubuhi kazini unawaogesha wazee wa watu, mchana unapanda zile ngazi zinazonuka mafuta ya nywele, unavua viatu, unauliza, "Leo tunakwenda na nani?" Na mlikwenda kweli: kwa mwenye nyumba, polisi, mahakamani. Lakini hukumsemea mtu hata siku moja. Ulimwambia tu, "Nipe mkoba. Mikono yako iwe huru, useme mwenyewe." Kisha ukakaa pembeni yake na mkoba wa watu mapajani, umetulia kama unasubiri basi. Wakili wa mume wa Mama Chantal, mmoja wa wale mama zako, alipokuuliza wewe ni nani yake, ulimjibu kwamba wewe ni mshika mkoba. Mama Chantal alicheka mpaka akasahau kuogopa. Akasema yote, kuanzia mshahara wake aliokuwa akinyang'anywa mpaka mlango aliofungiwa nje wakati wa baridi.

Nami nikarudi nyumbani nikiwa nimejaa, nikataka kukusifu, nikakosa maneno, nikaropoka Kiingereza. Ukanitania: "Mimi nakuongelesha kama shangazi yako, wewe unanijibu kama karani wa benki!"

Basi. Nilisimama pale mbele. Watu wakanyamaza kweli, kama ulivyosema. Sauti yangu ikatoka, nyembamba lakini ikatoka. Nikasoma ulizaliwa wapi, ukasoma wapi, ukaja Kanada lini, ulipenda kuimba sauti ya pili. Nikafika kwenye mstari wa baba: "Aliwapenda kaka zake, na aliheshimu mila na maamuzi ya ukoo wake."

Nikausoma, Shangazi. Wote. Na nikasoma vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Sikukwama popote.

Baadaye, kwenye chai, Mama Chantal alinifuata na sahani yake ya maandazi. Unajua Kiswahili chake cha Kongo. "Mutoto, ule mama ulisoma pale mbele ni nani? Miye simujue." Hakutabasamu. Nikasema samahani, nikakimbilia chooni, nikakaa humo mpaka mama akaja kugonga.

Mama mkubwa Anasia alikuwa anafuatilia kwenye simu, kule kihambani. Mama anasema alivaa kitenge kipya, akawaita majirani, kwa sababu ulikuwa umemwambia kwamba jina lake litatajwa. Nilipompigia, nilitaka anigombeze. Alisema tu, "Umesoma vizuri, mwanangu. Sauti imefika." Kisha akaniaga akawalishe kuku wake.

Ningeweza labda kuizoea aibu hiyo. Lakini juzi mama mkubwa alipiga tena, akaongea na mama, na mama hakujua nipo mlangoni. Baba mdogo amekwenda kwake. Amekaa barazani, amekunywa chai yake, amemwambia sasa dada hayupo, ni wakati wa kuzungumza upya habari ya kihamba. Mama mkubwa akamkumbusha kesi. Akajibiwa, "Kesi ipi? Si umesikia mwenyewe wasifu? Hata dada hakutaka ikumbukwe. Kasoma mtoto wa Toronto, wewe unabisha nini?"

Mtoto wa Toronto ni mimi. Sauti uliyoichagua imekwenda kukaa barazani kwa mama mkubwa, inamwambia ahame.

Najua hukumu ipo na karatasi zipo, kwani mama amemwambia hivyo hivyo. Lakini wewe ulinifundisha kwamba mwanamke huanza kuondolewa kwenye maneno kabla hajaondolewa kwenye nyumba. Na nilikuwa nikikuletea chai ulipolisema hilo, siwezi kujifanya sikusikia.

Leo asubuhi baba alikuwa anapaka siagi mkate. Nikamwambia Jumamosi, kwenye ibada ya kumaliza msiba, nitasoma tena, na nitasoma kesi, na mstari wake nitasema si kweli. Akaniuliza, "Mbele ya watu?" Nikasema mbele ya watu, kwa sababu ukweli niliuficha mbele ya watu. Aliweka kisu chini. Nilingoja aseme neno ili niseme "sawa, baba." Akasema, "Unajua kwamba shamba lenyewe nilikuwa napewa mimi?" Nikasema najua. Akaenda kazini bila kuula mkate wake. Sijui atakuja Jumamosi au hatakuja. Nampenda, Shangazi. Hilo nalo nimeona nikwambie, maana najua na wewe uliwapenda, na hicho ndicho kipande pekee cha kweli kwenye mstari ule.

Huku kwingine mambo yanakwenda. Mama zako wanapokezana ufunguo wa kijiofisi. Kaburi lako theluji imeanza kulitoka. Wajomba na baba wadogo bado wananung'unika kwa nini umezikwa Scarborough na si kihambani, na mimi bado nakumbuka jibu lako: kihamba ulikipigania kwa ajili ya anayekilima, si kwa ajili ya kaburi lako. Hilo nalo nitalisoma.

Nimempigia Mama Chantal. Nilijikanyaga kanyaga, nikamwambia nimekosa, nikamwomba Jumamosi akae mbele tena. Akauliza, "Utaleta mukoba?" Nikasema nitaleta. "Basi utanipa."

Na mama mkubwa nimemwomba awaite majirani wale wale, na baba mdogo pia amwite, wakae barazani wasikilize kwenye simu.

Nguo zimekauka. Nitalikunja shati la baba vizuri na kuliweka kitandani kwake, akitaka kulivaa siku hiyo alikute safi.

Nisamehe kwa ile mara ya kwanza. Naahidi Jumamosi jina la Anasia litasikika kanisani mpaka migombani.

Lala, Shangazi. Sitairuka.

Aika wako