Mkono wa Bibi Umekatwa Kwenye Picha

Mwanaheri uko wapi?? Usinipigie, soma tu. Nimejifungia chooni hapa ukumbini, nalia.

Dk. Oswald ameiba tanuru letu. Msimamizi wangu! Miaka sita nampimia maabarani jinsi joto linavyopita ukutani, leo hii ananifanyia hivi!

Amesimama mbele ya watu wote akaonyesha picha: kuta mbili za udongo, katikati pumba za ulezi. Ndani chuma chekundu kama pilipili, nje unaweka kiganja na huungui. Akasema, "Huu ni ugunduzi wangu." WANGU, Mwanaheri!

Ile picha nilipiga mimi, kule kijijini Maposeni. Bibi Imaculata alikuwa ananyoosha kidole kwenye zile pumba. Oswald ameukata mkono wake pichani. Ameukata kabisa!

Nikasimama. Nikasema hilo tanuru ni la babu yake bibi yangu, humo ndimo alimofulia mikuki ya vita vya Maji Maji. Akatabasamu tu: "Huyu Eufrasia ni msaidizi wangu, mambo ya kwao humgusa sana." Watu wakacheka. Eti msaidizi!

Unajua kinachoniua? Bibi hakutaka kumwonyesha. Alisema lile halitoki nje ya ukoo. Mimi ndiye niliyempigia magoti: "Bibi, huyu ni mwalimu wangu, ni kama baba."

Wajerumani walimchapa yule babu viboko hadi akazimia, wakitaka awaonyeshe tanuru. Hakuwaonyesha.

Mimi sikuchapwa hata kiboko kimoja.