Dada, Habari ya Chumvi Niliitoa Mimi

Shikamoo, Dada Mwanahawa.

Leo siingoji marahaba yako, kwa hiyo nitasema moja kwa moja kabla sijaanza kuzungukazunguka kama kawaida yangu. Siku ile kijijini, aliyesema kwamba uko mwezini na umetia chumvi kwenye nyama ya wageni si Mama Mdogo. Ni mimi. Umekufa ukimchukia mtu asiye na kosa, na mimi nilikuwa nakutazama tu.

Haya, nimesema. Na barua hii naiacha wazi, anayetaka aisome, kwa sababu wewe uliaibishwa mbele ya watu. Haifai mimi nitubu uvunguni.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa kule Kang'ata, hata mwaka haujaisha, na mgeni kutoka wilayani alikuwa anakuja kufungua kisima. Wanaume wakachinja dume la ng'ombe. Kupika mkapewa wewe na Mama Mdogo. Mama yetu alikuwa amekwisha fariki, na huyu mke mdogo wa Baba ndiye aliyetulea, ingawa umri wenu haukupishana sana. Mlikuwa mkisukana nywele na kuchekeshana kama mashoga. Asubuhi ile nilikuwa nimejikunyata nyuma ya kuni, nikakusikia ukimwambia, "Mama, leo niko mwezini. Chumvi tia wewe." Ndivyo tulivyolelewa: mwanamke aliye mwezini hatii chumvi kwenye chungu, eti wanaume wakila watakohoa mpaka wadhoofike. Mama Mdogo alikuwa anapepeta mchele, akakujibu bila kuinua uso, "Tia tu, mwanangu, mikono yangu imejaa. Chumvi itajuaje?" Mkacheka wote wawili.

Mimi shida yangu ilikuwa ini. Lilikuwa likichomwa pembeni kwenye makaa, linanukia mpaka machozi yananilenga. Nikakuomba kipande. Ukasema, "La wanaume hilo. Ukila wewe, atakayepigwa ni mimi. Kapeleke maji." Nikanuna. Nilipofika kwa wanaume na ndoo yangu, Babu akaona nimevimba mashavu, akanitania, "Nani kamuudhi mchumba wangu?" Akanikatia pande la ini akanitia mkononi. Nikalitafuna. Na kinywa kikiwa kimejaa nikasema, "Dada. Tena yuko mwezini, na chumvi katia yeye."

Nilikuwa na miaka tisa, Dada. Nilidhani utakemewa kidogo, na mimi nitakuwa nimelipiza.

Babu aliacha kutafuna. Ukaitwa. Ukasimamishwa mbele ya wanaume wote, na mgeni wa wilaya amekaa pale kwenye kiti cha shule, ukaulizwa, "Uko mwezini au huko?" Ukaulizwa tena. Yule mgeni, ambaye muda si mrefu alikuwa ametuhubiria kwamba binadamu wote ni sawa, akainamia karatasi zake. Ukasema, "Niko." Sufuria mbili za nyama zikamwagwa shimoni, mgeni akapewa chai na mihogo. Damu ya yule dume ilikuwa bado mbichi uwanjani, watoto wanaikanyaga wanacheza, wala hakuna aliyeiona uchafu.

Jioni ulimuuliza Mama Mdogo, "Nani mwingine alijua, kama si wewe?" Akaapa kwa Mungu mara tatu. Ukamgeuzia mgongo. Kesho yake ukapanda lori la pamba kwenda Korogwe, ukapata kazi ya kuanika mkonge, na Kang'ata hukuikanyaga tena.

Nilipokufuata kambini kwenu kwenye shamba la mkonge nikiwa na miaka kumi na mitatu, ili nisome, nilikuta hugusi nyama. Wala maziwa, wala mayai. "Maziwa ya ndama, mayai ya kuku, mimi nina kunde zangu," ndivyo ulivyokuwa ukisema. Majirani walikuita Mama Majani. Sikukuu ya Idi ulipika pilau ya viazi na njegere, nikakuambia pilau hii imefiwa, ukanichapa na mwiko huku unacheka. Loo, ulivyokuwa unacheka wewe! Hata mwaka wa unga wa yanga, tulipokula ugali wa njano mpaka tukauchukia, ulikuwa na mboga yako ya mchunga iliyoungwa nazi, na mtoto wa jirani mwenye njaa alijua mlango wa kugonga.

Halafu nikaingia mwezini. Unakumbuka? Nilijifungia chooni nikalia, nikajua Mungu amenishika kwa sababu ya lile ini. Ulinitoa kwa maneno matamu, ukachemsha maji, ukachana khanga yako ya zamani vipande vinne, ukanionyesha namna ya kuvifunga. Kisha ukanikalisha jikoni, chungu cha kunde kinatokota, ukanipa kibati cha chumvi. "Tia." Nikakataa. "Tia, nimesema!" Nikatia, nikazidisha. Kunde zile zilikolea chumvi hata mbuzi angezikimbia. Ulizila zote, ukaramba na vidole. Ukasema, "Umeniona nakohoa?"

Usiku huohuo uliniambia kwa nini uliacha nyama. Nayaandika maneno yako kama nilivyoyasikia, maana wengi walidhani ni kiburi, wengine nadhiri. "Siku ile palikuwa na damu mbili pale uwanjani. Moja ya mnyama aliyelia mpaka akakatika sauti, hiyo ikapigiwa vigelegele. Nyingine ilikuwa yangu, haijamuumiza hata sisimizi, ndiyo ikaitwa uchafu. Na nyama yenyewe, ini la wanaume, mifupa ya mpishi. Mimi nimetoka kwenye shughuli hiyo. Sichinji, sichinjiwi."

Vitambaa vyako ulivianika juani, kwenye waya ileile uliyoanikia khanga, wakati wanawake wengine kambini walivificha chini ya magodoro vikavunda, wakaugua. Nyapara alipokuuliza vitambaa hivyo hadharani ni vya nini, ulimjibu, "Ni vya kazi iliyokuzaa wewe, bwana. Pita." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mwezi uliofuata nilihesabu waya tatu zaidi zenye vitambaa, na wasichana wa kambi wakawa wanakuja kwako kuuliza mambo ambayo hawakuweza kuwauliza mama zao.

Ulikuwa jasiri kwa kila mtu, na ukaishi na mwoga ndani ya chumba kimoja. Kila uliposema "Mama Mdogo aliniuza," mimi niliitika "Mm." Alikuletea makopa na mbegu za kunde kwa watu wa basi, ukawagawia majirani bila kuvifungua. Mm. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikaolewa Mombo, nikazaa. Mm. Kila nikija kukutembelea nilijiambia leo nitasema, na kila ukinipakulia chakula niliogopa utanipokonya sahani. Wewe, ambaye hujawahi kumpokonya mtu kitu.

Ulipozidiwa nilikuwa nimeshika mkono wako. Ukasema, "Mama Mdogo asinioshe." Neno moja tu lingetosha, Dada, na pumzi ya kulisikia ulikuwa bado nayo. Nikasema, "Sawa."

Ulipofariki, alikuja. Alisafiri kutoka Handeni siku hiyohiyo, miguu imejaa vumbi, na mkononi ana mche wa sabuni. Wewe unajua sabuni ilivyo siku hizi, foleni tangu alfajiri na mara nyingi unarudi mikono mitupu. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Nikamwambia, "Marehemu hakutaka." Hakubisha. Akanipa ile sabuni, akaenda kukaa nje ukutani pamoja na wageni. Ndani hatukuwa na sabuni nyingine. Tulikuosha kwa sabuni ya Mama Mdogo.

Arobaini yako ilipopita nilishindwa kulala kabisa. Nikapanda basi mpaka Korogwe, nikaunga mpaka Handeni, na kutoka pale nikatembea. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti nikamwambia yote, ini, Babu, ndoo ya maji, yote. Nililia mpaka nikatapika. Yeye aliendelea kupukuchua.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nimesimama na chungu cha mchuzi nyuma yako. Nilikusikia."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukusema? Kwa nini ulikubali akuchukie wewe?"

"Ungekuwa umebaki na nani?" akanijibu. "Mama yako hayupo, dada yako angekuchukia, mimi nisingeweza kukutetea mbele ya babu yako. Nikasema bora anichukie mimi, mimi mtu mzima." Akapangusa mikono kwenye khanga. "Nilikuwa nangoja ukue, umwambie mwenyewe."

Nimechelewa kukua, Dada.

Mungu akulaze mahali ambapo hakuna wa kukusimamisha tena mbele za watu. Ukimkuta Mama yetu, mwambie mtoto wake mdogo alilelewa na mtu mwema.

Mdogo wako