Kabichi za Juu ya Shimo

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimekula kiapo. Vibarua wanne wa shamba hili, kikosi cha siri! Kamanda ni shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa trekta. Wageni wenye bunduki wameshika mji. Sisi tutawakatia simu, tutawavunjia daraja. Maficho yetu ni shimo katikati ya shamba la kabichi. Kifuniko cha mbao, juu yake udongo, juu ya udongo kabichi. Nani atashuku kabichi? Wazo langu, bila shaka. Mimi nimefanya kazi melini, dunia naijua.

Alhamisi, 14 Machi
Jua kali. Kabichi za juu ya kifuniko zimelala kama walevi — udongo kiduchu, mizizi haina pa kwenda. Shemeji kasema tuziache, jua hili zote zitalala. Kibarua gani anaacha mche ufe mbele ya macho yake? Nimezipa samadi, na maji asubuhi na jioni. Mke wangu kauliza mbona mimi naoga mara moja, kabichi zinaoga mara mbili. Maskini, hajui kitu. Kiapo ni kiapo.

Jumapili, 24 Machi
Daraja tumelivunja, limekwenda na maji! Lakini shemeji karudi na risasi mguuni. Hawezi kusimama. Tumemshusha shimoni. Nikamwambia mke wangu nduguye kasafiri. Akanitazama. Kisha akafunga viazi kwenye kitambaa, akasema nimpelekee huko safarini, na nisivionje njiani.
Kumbe. Na mimi nilijiona bingwa wa siri.

Jumanne, 26 Machi
Wageni wamekuja kupekua. Ghalani, zizini, hadi chini ya kuku anayeatamia. Patupu. Mkubwa wao, mzee mwenye kitambi, alikuwa anaondoka — akasimama. Shamba zima manjano, katikati mraba wa kijani. Kabichi zimenona kama watoto wa mwoka mikate.
Akauliza za nani. Nikauambia ulimi, tulia. Ulimi ukasema, "Zangu, bwana mkubwa. Mkono huu haujapata kuua mche."
Kumbe kwao naye ni mkulima. Anataka moja na mizizi yake, na udongo wake mpaka chini, aone siri yangu. Nilete jembe, nichimbe mwenyewe.
Ndiyo niko stoo, naandika haraka. Nje namsikia mke wangu. Kaketi palepale juu ya kifuniko na karai lake, miguu kainyoosha. Anamwambia, "Mume wangu muongo, bwana. Maisha yake hajaotesha hata ndevu. Kabichi ni zangu, na nzuri ziko kule kisimani. Twende nikuonyeshe."
Mkubwa anacheka. Lakini hatoki. Ananiita, jembe liko wapi.
Majembe ni mengi humu. Nimechukua lile lenye mpini uliolegea, pigo la kwanza tu litachomoka —